Marahaba ya Saa Moja Asubuhi: Kumuaga Bi. Asteria Mgonja

Tarehe 30 Juni 2025 Bi. Asteria Mgonja, Mkuu wa Idara ya Mawasiliano, anastaafu baada ya kuutumikia Ushirika wetu wa Wafugaji hapa Same kwa miaka thelathini na mmoja. Idara hiyo ina mtu mmoja. Kijana wetu wa ofisini, Gadiel, anairithi, na ameshaanza kukosa usingizi.

Mzaliwa huyu wa Myamba aliajiriwa mwaka 1994 kupiga chapa matangazo ya chanjo, ambayo yalibandikwa mnadani na kuliwa na mbuzi. Mwaka 2012 tulinunua programu ya kumbukumbu za mifugo, naye akapewa kazi ya kuiunganisha na mtambo wa kampuni moja ya kusambaza meseji, ili tarehe ya chanjo ikiingizwa ofisini, simu ya mfugaji iite kule kijijini Kisiwani. Mitambo hiyo huelewana kwa itifaki: huu unabisha hodi, ule unaitikia, ndipo mzigo unakabidhiwa. Bi. Asteria alisoma mwongozo wote, kurasa mia mbili na kumi, akasema umesahau jambo moja tu. Hakuna mahali ambapo mfugaji mwenyewe anaitikia.

Akaongeza la kwake. Kila siku saa moja asubuhi mfumo ulimtumia mfugaji mmoja, Mzee Sendeu wa Kisiwani, meseji: “Shikamoo. Hili ni jaribio.” Mzee alijibu: “Marahaba.” Bila marahaba, hakuna tangazo lililotoka. Meneja aliuita utaratibu huo ushamba katika vikao viwili, na mihtasari ipo.

Februari 2019 chanjo ya homa ya mapafu ilifika ikiwa kwenye barafu, ya kutumika kesho yake tu. Asubuhi hiyo Mzee Sendeu alikuwa kimya. Meneja akaamuru meseji zitumwe hivyo hivyo, na kompyuta ikaonyesha zote 412 zimefika. Bi. Asteria akampigia Mzee. Hakuna kilichofika, kwake wala kwa jirani. Kumbe kampuni ilikuwa imebadili itifaki bila kutuambia, na mtambo wake ulipokea meseji zetu kwa adabu zote, kisha ukazitupa. Bi. Asteria aliunganisha upya hadi saa tisa alasiri, marahaba ikaingia, na kesho yake ng'ombe wakachanjwa. Meneja huyo ndiye mwandishi wa wasifu huu, na anaomba radhi kwa maandishi.

Alhamisi iliyopita Bi. Asteria alituma jaribio lake la mwisho, akataja kwamba anastaafu. Jibu halikuja. Saa tatu aliipigia kampuni, akawafokea watoto wa watu ambao safari hii hawakuwa na kosa lolote. Saa nne na nusu bodaboda ilisimama mlangoni. Mzee Sendeu alishuka na fimbo yake, akajikung'uta vumbi, akaenda hadi kwenye meza ya Bi. Asteria na kusema marahaba kwa mdomo wake. Kwa miaka kumi na mitatu walikuwa hawajaonana uso kwa uso. Bi. Asteria alilia. Sisi wengine tulilia zaidi, hasa mwandishi.

Ahsante sana, Bi. Asteria. Nenda Myamba ukapumzike, na afya na furaha ziwe nawe. Ila simu iwe na chaji saa moja asubuhi, na ukumbuke kuitikia: Gadiel ameshaingiza namba yako kwenye mfumo.