Aliyeandika Sifuri Ukingo wa Chini

Wasikilizaji wapendwa, mlio jikoni na mlio kazini, karibuni. Leo tunamkumbuka mwalimu mstaafu wa hesabu. Watu wa Ukingo wa Chini, mtaa ulio kando ya mto, walimwita Mzee Chaki.

Mji wetu ulianza na vibanda saba vya samaki kando ya mto. Vibanda saba tu. Soko likakua, nyumba zikalifuata, na leo tuko zaidi ya laki tatu. Ukipita darajani asubuhi utadhani wote wametoka kwa pamoja.

Miaka arobaini iliyopita, Mzee Chaki alikuwa karani wa sensa. Aliandika namba kwa chaki kwenye kila mlango wa Ukingo wa Chini. Siku ya kuhesabu, mto ulikuwa umefurika na watu wamehamia sokoni na sufuria zao. Alibisha hodi kila mlango, kimya, akaandika sifuri. Jioni alinunua nyanya kwa watu walewale. Lakini aliambiwa mtu huhesabiwa kwake, naye alikuwa kijana wa kufuata maagizo.

Sifuri ile ilifanya kazi yake. Bomba la maji safi liliishia mtaa wa juu, kwa sababu chini hakukuwa na watu. Kipindupindu kilipoingia, kilimchukua mtoto wa dada yake aliyeishi huko chini.

Dada yake alituambia: "Nilimuuliza, kaka, mwanangu ulimwandika wapi? Wiki iliyofuata akahamia huku na mkewe."

Tangu hapo alihesabu mwenyewe, kila mwaka, kwa daftari la shule. Mwaka jana alipata watu elfu tisa. Alipoipeleka hesabu hiyo ofisi ya mji, walimcheka. "Mzee, daftari lako si la serikali." Alirudi na uchungu wake, akasubiri sensa.

Sensa ilifika Jumanne. Alfajiri hiyohiyo, Mzee Chaki alifariki.

Habari ilienea haraka. Ukingo mzima ulifunga milango, ukaja msibani. Karani akapita huko, binti mpole mwenye haraka. Mlango wa kwanza, kimya. Wa pili, kimya. Wa kumi, kimya.

Mjane alimwona kwa mbali. Akasimama mbele ya waombolezaji. "Jamani, asanteni kwa kuja. Sasa nendeni makwenu mkahesabiwe. Mume wangu atawasubiri."

Wakaondoka wote. Akabaki yeye na maiti. Karani akairudia milango yote, na alipofika msibani aliona haya, akataka kuipita nyumba ile.

"Kaa, mwanangu," mjane alimwambia. "Jana tungekuwa wawili. Leo andika mmoja. Mwenye nyumba hakupenda hesabu ya uongo."

Kwa mjane, kwa dada mtu, na kwa Ukingo wa Chini wote, tunasema poleni sana. Nasi tuliobaki tujiulize, wasikilizaji wapendwa: ni mlango gani tulioubisha mara moja, tukasikia kimya, tukaandika sifuri?