Bawa Ambalo Hakuna Aliyelifungua

Aliyenisimulia kwanza ni shangazi yangu Verna Unruh mwenyewe, Desemba 1971, jikoni kwake hapa Wichita, jimboni Kansas. Kisa ni cha Aprili 1943. Nje ya geti la kiwanda cha ndege kulikuwa na benchi, na wakati wa chakula cha mchana wafanyakazi walinywa hapo kahawa ya mgao wa wakati wa vita, nyepesi kama maji ya kusuuzia vikombe. Siku hiyo walibishania ndege moja. Mara mbili rubani wa majaribio alikuwa ameirudisha akisema usukani umekwama angani alipoiinamisha ndege kushoto. Mara mbili, ikiwa chini, usukani ulizunguka vizuri. Shangazi alikuwa mkaguzi. Msimamizi alimpa mpaka king'ora cha saa saba: agonge muhuri ndege iruke tena, au aurudishe muhuri aende zake nyumbani.

— Gonga tu, bibie, alisema mfanyakazi mwenzake Dewey Pruitt, waliyemwita Nusu Kikombe. Huo ni upepo wa Kansas. Unaangusha ng'ombe, sembuse usukani!

— Upepo gani unaochagua kushoto? aliuliza shangazi.

— Ni rangi, alisema Otto Klassen, mfagiaji, aliyeitwa Profesa kwa kusoma gazeti mpaka matangazo ya vifo. Juu ya bawa la kushoto kuna nyota ya jeshi. Rangi ina uzito!

— Na nyota iliyo chini ya bawa la kulia, wameipaka kwa maziwa? alisema shangazi.

— Basi rubani, alisema Nusu Kikombe. Anakula maharage asubuhi, akifika juu tumbo linambana, anasingizia usukani.

— Mnacheka, alisema Profesa. Wajerumani wametega sumaku mawinguni.

— Profesa, si wewe mwenyewe Mjerumani? aliuliza shangazi.

— Ndiyo maana najua!

Nusu Kikombe akapunguza sauti.

— Dada, una watoto wawili. Gonga, yaishe.

— Sigongi. Anifukuze. Namba yangu iliyo kwenye muhuri haitaandikwa kwenye kifo cha mtu.

Ndipo akaja rubani mwenyewe, Lyle Amstutz, parachuti begani. Akaomba kahawa, akasikiliza kidogo.

— Bawa lenyewe mlipolifungua, mliona nini?

Hakuna aliyekuwa amelifungua. Ili kulifungua ilibidi kutoboa ribiti arobaini, ile misumari inayoshikilia bati la bawa, na ndege yenye tundu haihesabiwi kwenye idadi ya ndege zinazotakiwa kwa mwezi. Kwa siku kumi na moja wote walikuwa wameitazama kwa nje.

Shangazi akaweka kikombe chini, akaenda kuchukua keekee.

— Verna! Hujapewa ruhusa! alipiga kelele Profesa.

— Njoo unishikie taa.

Profesa akaenda. Ndani ya bawa walikuta kipande cha chuma, kile ambacho mwenzake wa mpiga ribiti hukishikilia nyuma ya bati. Kilisahauliwa humo. Ndege ikiinama kilikuwa kikiteleza na kubana nyaya za usukani. King'ora kilipolia, msimamizi alimkuta amelala chali chini ya bawa. Shangazi akamwekea kile chuma mkononi.

— Haya, sasa niambie nigonge.

Muhuri ulibaki kwa shangazi mpaka vita vilipokwisha.

Msimamizi alifariki 1950, Klassen 1962. Habari za Pruitt sikuzipata, nami siandiki nisichokijua. Shangazi tulimzika 1988. Aliye hai ni Lyle Amstutz, anaishi mji wa Newton, ana miaka themanini na sita; asiyeamini akamuulize.