Mama Namba Arobaini na Moja

Kijiwe chetu kipo Makanyagio, benchi mbili mbele ya fundi baiskeli, na kahawa ni ya Gratien, mtu mkimya kuliko birika lake. Mimi hapa naitwa Mbunge, maana sijawahi kushindwa mjadala. Shule niliiacha form two, ikabaki inanililia. Jumamosi hiyo tulikuwa tunamjadili Dokta Salvatori, mtoto wa kijiji cha Litapunga aliyefika hadi kufundisha chuo kikuu, na ambaye tulimzika Jumatano.

Shida ni kwamba hakuna aliyejua alisomea nini. Nikawaeleza mimi, niliyefanya naye kazi. Dokta alikuwa na hesabu za kiasi. Kwa mwalimu wetu wa fimbo, jibu lilikuwa ndiyo au hapana. Kwa Dokta, mtu anaweza kushiba kwa robo, kupenda kwa nusu, na uamuzi wake ukapimwa hivyohivyo. Miaka ishirini anaandika hayo tu, mpaka Wajapani wanamwalika.

Makoye, tunayemwita Jaji kwa kuwa ana ng'ombe wengi na huruma kidogo, alikataa katakata.

— Ng'ombe ni wangu au si wangu. Wa nusu ndiyo yupi huyo?

— Wale uliowatoa mahari, Jaji, nikamjibu. Mke alirudi kwao, wao hawakurudi.

Alicheka, lakini kwa robo.

Optatus, jina la kijiweni Redio, akasema hesabu hizo ndizo zinaendesha treni huko Japani bila dereva. Kikombe cha pili, zikawa zinajua utaamua nini kabla hujaamua. Cha tatu, Dokta alikuwa amekaribia kuipata tarehe ya kiama, ndiyo maana wakubwa wakamwahi. Jaji akamkumbusha kwamba kilichomuua ni figo, na kwamba marehemu alilala hospitali miezi mitatu.

Mimi kuzidiwa na Redio siwezi. Nikawapa siri. Kazi ya mwisho ya Dokta ilikuwa kuwauliza wazee waliokimbia Burundi zamani wakahamia Litapunga: toka sifuri hadi kumi, unataka kurudi kiasi gani, na kubaki kiasi gani. Alinipa fomu sitini nizungushe Litapunga kwa pikipiki. Mvua ikanyesha.

— Nikazijaza zote hapahapa, nikasema. Vikombe vinne vya kahawa, kazi kwisha. Na Wajapani wamezisoma.

Walicheka mpaka fundi akaacha spana. Gratien hakucheka.

— Mama yangu alikungoja kule Litapunga siku hiyo, alisema. Alikuwa amevaa kitenge kipya.

Hapo akafika mama mmoja mwenye kitambaa cheusi kichwani. Annonciata, dada wa marehemu. Tukasimama, tukampa pole. Alikuwa anamtafuta kijana aliyezungusha fomu za kaka yake. Vidole vyote vikanielekea.

Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Alisema kaka yake, pale kitandani, alikuwa akimtaja mtu mmoja tu. Kati ya fomu zote kuna ya mama mmoja aliyejibu kwamba anataka kurudi kwa saba, na kubaki kwa saba. Wenzake chuoni walimwambia hiyo imekosewa, saba na saba zinazidi kumi, aitupe. Akagoma.

— Alisema huyo ndiye mama yetu kabisa, akaendelea. Mama alilia kwa kutaka kurudi Burundi na akalia kwa kutaka kubaki, na kila mwaka tulikuwa tunamwambia achague. Kaka aliandika kitabu chake cha mwisho juu ya huyo mama. Namba arobaini na moja. Akaniambia nikishamzika, nije nimshukuru. Anakaa wapi?

Saba ni namba ya jezi yangu ya mpira. Mkono ulikuwa umechoka, nikaiandika mara mbili.

Jaji alikuwa anaangalia viatu vyake.

— Labda yuko shamba, Annonciata akajijibu mwenyewe. Si kitu, nitamsubiri.

Akakaa kati yangu na Gratien, akapakata mfuko wenye sukari na sabuni. Gratien akammiminia kahawa bila kuniangalia. Mama wa watu akapuliza, akanywa kidogo, kisha akanigeukia taratibu, kama anayeogopa kuambiwa.

— Lakini yu mzima, mwanangu?