Mwalimu Bupe na Barua Aliyoifuta Mwenyewe

Ijumaa, tarehe 27 Juni 2025, Mwalimu Bupe Mwasomola anastaafu baada ya miaka thelathini na sita ya utumishi: kumi na minne darasani, Pugu, na ishirini na miwili katika ofisi yetu ya elimu maalumu hapa Temeke, akisuluhisha wazazi na shule.

Mzazi akija na malalamiko, Mwalimu Bupe hubeba kiti chake kutoka nyuma ya meza, akaenda kukaa upande wa mzazi. Mwalimu mkuu mmoja aliwahi kunung'unika kwamba ameshahukumiwa kabla hajafungua mdomo. "Njoo kesho, nitakaa upande wako," akamjibu. Akakaa kweli.

Shauri ambalo hulisimulia kwa kila mtumishi mpya ni la mwaka 2014. Shule moja ya Mtoni ilishindwa kuendelea na Rukia, binti kiziwi wa darasa la pili, kwa kukosa mwalimu wa lugha ya alama. Ikapendekeza apelekwe shule ya bweni mkoani. Mwalimu Bupe aliona hoja ina mantiki, akasaini barua ya uhamisho. Fakihi, baba wa binti huyo, fundi seremala, akagoma. Rukia akakaa nyumbani muhula mzima.

Mwalimu Bupe alifunga safari hadi kwao, amejiandaa kumkemea mzazi. Akamkuta Rukia akizungumza na mama yake kwa ishara walizozitunga wenyewe, ambazo nje ya nyumba ile hakuna aliyezielewa.

"Huko bwenini, akiumwa tumbo usiku, atamwambia nani?" Fakihi aliuliza.

Mwalimu Bupe akamjibu, "Baba Rukia, hapa nimekosea mie."

Kesho yake aliifuta barua ile mbele ya mwalimu mkuu, Mwalimu Nurdin, ambaye hakufurahi hata kidogo. "Sasa nitamfundishaje, mama? Darasa lina watoto tisini."

Lilikuwa swali la haki, na lilimchukua Mwalimu Bupe miezi minne kulijibu. Hatimaye alipata mwalimu wa lugha ya alama kutoka shule jirani, aliyekubali kuja siku mbili kwa wiki na kuwafundisha watu wazima kila Jumamosi. Darasa hilo la Jumamosi lilikuwa na wazazi wa Rukia, Mwalimu Nurdin, na Mwalimu Bupe mwenyewe, ambaye siku moja alijaribu kuwaambia watoto wa darasa la Rukia "karibuni" kwa alama, wakaanguka kwa kicheko. Mpaka leo hakuna aliyemweleza alisema nini.

Rukia alimaliza darasa la saba akiwa palepale Mtoni. Sasa anasomea ushonaji, na gauni alilovaa Mwalimu Bupe leo amelishona yeye.

Mwalimu, asante kwa kutuonyesha kwamba mkubwa anaweza kusema amekosea na kazi ikaendelea. Nenda Tukuyu ukapumzike, ulale hadi jua lichomoze, na simu zetu ukitaka usizipokee. Afya iwe nawe, na siku zako ziwe nyepesi.