Pori la Ranchini

Basi la Korogwe kwenda Handeni lilipofika kwenye uzio wa ranchi ya serikali, Yordani, bwana mifugo aliyekaa mbele yangu, alimwonyesha Bi Mwanaidi, abiria aliyeketi kando yake, vichaka vilivyoanza kuota. Walikuwa wamejuana tangu stendi, na kwa bwana mifugo hilo lilitosha kuanza kufundisha. "Tumewaondoa ng'ombe, mama. Walikuwa wamebakisha ardhi tupu, mvua ikichukua udongo. Sasa nyasi zimerudi, hata kijito kina maji."

"Marehemu mume wangu alilifyeka pori hilo tulipopata uhuru," alisema Bi Mwanaidi. "Mlituambia tunafukuza mbung'o wanaokaa vichakani. Sasa mmetuhamishia kijiji cha ujamaa kando ya uzio, na pori mnalirudisha."

"Tulifyeka kupita kiasi, mama."

"Mikono ilikuwa yetu, bwana mifugo. Akili ilikuwa yenu."

Yordani alifuta miwani ambayo haikuwa na vumbi. "Ardhi nayo huchoka," alisema.

Basi likasimama kwenye kizuizi cha mbung'o. Mkaguzi akaingia na wavu wake, akamnasa mbung'o mmoja mgongoni kwa Yordani. Bi Mwanaidi alimtazama yule mdudu, akalitazama pori, akauliza taratibu, "Na mwanangu mtamwita lini aje kulifyeka?"