Mate Kwanza, Chai Baadaye: Kumuaga Dkt. Celestine Awuor

Baada ya miaka ishirini na sita ya utumishi, Dkt. Celestine Awuor, mkuu wa maabara ya homoni katika kituo chetu cha wanariadha hapa Nakuru, atastaafu rasmi tarehe 28 Novemba. Sisi wanafunzi tulio mafunzoni chini yake tumepewa heshima ya kumuaga. Tunaipokea kwa shukrani, na kwa wivu ambao hatutauficha.

Mzaliwa huyu wa Bondeni alianza na chumba kimoja na friji ya kuazima. Leo, mate na damu ya wanariadha hupimwa papa hapa, kuonyesha homoni zinazopanda mwili unapoelemewa na mazoezi na zile zinazoshuka unapokosa kupona. Hayo tumeyasomea. Mashine zote tunaziendesha. Wivu wetu hautoki huko.

Unatoka kwenye chai. Kwa kuwa maziwa huharibu sampuli, hakuna mwanariadha anayeonja chai kabla ya kutoa mate, na Daktari hufunga pamoja nao. Wa mwisho akimaliza, yeye mwenyewe humimina, na hapo ndimi hufunguka. Ni chuo gani hufundisha hilo? Sisi tuligawa hojaji za kisayansi. Tukajibiwa "niko poa" kutoka juu hadi chini.

Cherop, mkimbiaji wa mita elfu kumi, ambaye ameturuhusu kusimulia haya, alituandikia vivyo hivyo. Kumbe hedhi yake ilikuwa imekatika tangu msimu wa mvua, na mguu ulimuuma hata akilala. Alimwambia Daktari peke yake. Vipimo vikathibitisha kwamba mifupa yake ilikuwa hatarini. Mchujo wa timu ya taifa ulikuwa umekaribia, Daktari akamzuia kushiriki.

Kocha wake, Kabiru, aliwaka uwanjani: "Daktari, mbio hazikimbiwi kwa mate!"

"Basi kimbia wewe, Kocha," akajibiwa. Uwanja mzima ulicheka, isipokuwa Cherop, aliyekaa mwezi mzima bila kumsalimu Daktari.

Sasa amepona na amerudi mbioni. Jumatatu iliyopita alitukuta tumevaa glavu, tayari kumsikiliza. Alitukabidhi sampuli, akasema yuko poa, kisha akaenda kumtafuta Daktari, wakafunga mlango. Hatujui walizungumza nini.

Asante, Daktari, kwa miili uliyoiokoa na kwa ukaidi uliotufunza. Tunakutakia afya njema na mapumziko matamu shambani kwako Longonot. Ila tunakusihi uizime simu, kwa muda tu, ili Cherop akikukosa alazimike kutuambia sisi.