Nafasi ya Aida

Mbele ya nyumba ya Mama Ferista pale Tunduma, hatua chache kutoka barabara ya vumbi inayovuka kwenda Rodesia, palikuwa na benchi la mbao lililochongwa ovyo, upande mmoja juu, upande mwingine chini. Mama Ferista alichemsha kahawa ya Mbozi kwenye birika jeusi, na wateja wake wa kila siku walikuwa watatu. Upande wa juu alikaa Fanueli, aliyerudi kutoka vita vya Bama, kule Asia, na koti la jeshi, na jina la Bama likamng'ang'ania kama lile koti. Katikati alikaa Amoni, ambaye watu walimwita Redio, kwa kuwa alikuwa na habari za kila mahali na hukuweza kumzima. Upande wa chini alikaa Nikodemo. Yeye walimwita Tanuri, kwa sababu ndiye aliyesimamia kijiji kizima kufyatua na kuchoma matofali elfu thelathini ya shule ya sekondari iliyosemekana inakuja. Ilikuwa Novemba ya mwaka 1956, mvua za kwanza zinanukia. Shule ilikuwa haijaja, na asubuhi hiyo lori la serikali lilikuwa likiyabeba matofali yale kwenda kujengea nyumba ya kupumzikia wakubwa.

— Safari ya nne hiyo, alisema Redio, lori lilipopita na kuwamwagia vumbi kwenye vikombe. Mgeni njoo, mwenyeji apone!

— Apone nini? Mgongo? aliuliza Bama. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Sisi tulilisikia la mkuu, tukavunjika mgongo.

Nikodemo hakucheka. Alifunika kikombe chake kwa kiganja, akalisindikiza lori kwa macho. Aliyajua yale matofali. Alijua yapi yalitoka katikati ya tanuri yakiwa mekundu, na yapi yalikaa pembeni yakatoka nusu mabichi.

— Mimi nimeshajua kwa nini shule haikuja, alisema Redio.

— Wiki iliyopita pia ulijua, alisema Mama Ferista.

— Wiki iliyopita nilikuwa nakisia, mama. Leo nina hakika. Kosa ni la ramani. Ramani ya Bwana Elimu, yule mzungu aliyekuja kupima kiwanja, ni kubwa kama shuka, lazima aikunje. Sasa Tunduma iko wapi? Iko palepale kwenye kunjo! Kila akikunja, sisi tunaingia ndani. Mwaka wa tatu huu karatasi imechanika. Mbozi anaiona, Rodesia anaiona, katikati ni tundu.

— Wacha wee, alisema Bama. Mtaka cha uvunguni sharti ainame, na yule Bwana Elimu alikuwa mrefu mno, hawezi kuinama. Lakini si ramani. Ni kengele.

— Kengele gani?

— Shule bila kengele ni shule? Haya, ipigwe hapa saa mbili asubuhi. Sauti inakwenda wapi? Nakonde! Imevuka mpaka, haina pasi, haina kibali. Serikali ya kule itauliza, kengele ya nani hii inayowaamsha watu wetu? Mimi nimepigana vita, bwana. Nimeona vita vikianza kwa jambo dogo kuliko kengele.

— Basi waitie kitambaa, alisema Mama Ferista akiwaongezea kahawa.

— Hapana, hapana, alisema Redio, na sasa alisimama kabisa. Nilikuwa siwaambii, lakini kwa kuwa matofali yanakwenda, nasema. Shule yetu ilikuwa imeanza kuandikwa na mfalme mwenyewe, kwa mkono wake. Akafika kwenye neno "Tunduma". Akafa kabla hajatia nukta.

— Mfalme alikufa mwaka mzima kabla Bwana Elimu hajaja kupima kiwanja!

— Ndiyo maana hakumaliza!

— Si kuna malkia? Atie yeye nukta.

— Bama, wewe ni askari, hujui sheria. Malkia haruhusiwi kumalizia sentensi ya marehemu.

Mama Ferista alicheka hadi akashika mlango. Bama akajipiga paja. Nikodemo naye alitabasamu kidogo, kwa adabu, kama mtu anayepokea chakula asichokuwa na njaa nacho. Kila siku walimletea maneno ya namna hii. Yeye hunywa kahawa, husikiliza, kisha huenda zake shambani.

Ndipo akaja kijana mmoja kwa baiskeli, amevaa kaptula ya khaki na soksi ndefu, mkoba wa ngozi begani. Alishuka, akawaamkia wazee kwa heshima, akasema jina lake ni Raphaeli, karani mpya wa elimu. Bama akamsogezea nafasi. Mama Ferista akampa kikombe bila kuulizwa.

— Karibu, mwanangu, alisema Redio. Tulikuwa tunazungumza mambo ya idara yako.

— Nashukuru, mzee. Mimi nimekuja kwa jambo dogo. Linafunguliwa darasa jipya la tisa la wasichana, kule upande wa Iringa, shule ya bweni. Wilaya yetu imepewa nafasi sita. Natafuta wasichana waliofaulu darasa la nane ndani ya miaka mitatu iliyopita, wasiozidi umri wa miaka kumi na minane, ambao hawajaolewa.

Alifungua mkoba, akatoa karatasi, akapitisha kidole.

— Kwa Tunduma hapa nina jina moja tu. Aida binti Nikodemo. Alama zake ni nzuri sana. Hesabu alikuwa wa kwanza katika shule zote tatu za misheni. Yuko wapi huyu?

Lori lilirudi tupu, likapita, vumbi likatua. Mama Ferista aliinama kwenye moto, akaanza kupanga kuni ambazo zilikuwa zimekwisha kupangwa.

Raphaeli aliwatazama mmoja mmoja. Alidhani hawakumsikia.

— Na kuna jambo sikulielewa, wazee wangu. Hapa imeandikwa kwamba huyu binti aliitwa miaka miwili iliyopita kwenda sekondari ya wasichana. Alipewa kitanda. Alingojewa hadi mwezi wa tatu. Kwa nini hakwenda?

Lilikuwa swali dogo. Pale palikuwa na watu wawili waliokuwa na jibu la ramani, la kengele na la mfalme marehemu. Bama alitazama buti zake. Redio akaanza polepole.

— Unajua, mwanangu, barua za siku zile... Mto ulikuwa umefurika. Mpeleka barua, yule wa zamani, alikuwa haoni vizuri, na—

— Amoni, alisema Nikodemo.

Hakumwita Redio.

— Barua ilifika. Niliipokea mimi.

Wakati huo Nikodemo aliwatazama rafiki zake, akaelewa jambo ambalo lilikuwa mbele ya macho yake miaka miwili. Ramani, kengele, mfalme: yote yale yalikuwa blanketi. Watu hawa wawili walimfunika kila asubuhi ili upepo wa barua ile usimpate.

— Mimi ni baba yake, alimwambia karani. Barua ilikuja wakati tunakanyaga udongo wa tanuri la pili. Watu walikuwa wamechoka. Wengine walisema, shule yenyewe nani ameiona? Mimi nilikuwa nawaambia kila siku, vumilieni, watoto wetu watasoma hapahapa, hawatalala safari ya siku nne. Sasa ningempeleka wangu mbali, ningewatazamaje? Ningesimama juu ya udongo niseme nini? Nikamwambia Aida angoje. Nilimwambia, shule inakuja mlangoni.

— Alisemaje? aliuliza Raphaeli.

— Alisema, ndiyo baba. Akakunja sketi yake akarudi kwenye udongo kukanyaga na wenzake. Alingoja mwaka. Tanuri la pili likanyeshewa, tukachoma la tatu. Akangoja mwaka wa pili. Mwezi wa nane mwaka huu alikuja Anyosisye, fundi cherehani wa Nakonde, kijana mwema, akaleta posa. Nilimuuliza Aida. Akasema, ndiyo baba.

Raphaeli alikaa na karatasi yake mapajani. Alikuwa kijana, na hakujua mtu afanye nini mzee anaposema hivyo mbele yake. Mwishowe alitoa kalamu, akapiga mstari juu ya jina, taratibu, kwa mkono mwepesi. Akashukuru kwa kahawa, akaaga, akapanda baiskeli kuelekea Mbozi.

— Tanuri, alisema Bama.

— Acha tu, ndugu yangu.

Nikodemo alivuka mpaka mchana huo. Alimkuta Aida nyuma ya nyumba ya mumewe akipepeta ulezi. Aida alipiga goti kumwamkia, akamletea kigoda na maji ya kunywa. Nikodemo hakuyanywa. Alimweleza yote: karani, darasa jipya, nafasi sita, na ule mstari wa kalamu. Hakujitetea. Aliposema "nimekosa, mwanangu", sauti ilimtoka kavu, kama ya mtu anayesoma lugha asiyoijua.

Aida aliendelea kupepeta. Ungo ulipanda, ukashuka. Baadaye aliuweka chini.

— Hiyo nafasi yangu, baba, amepewa nani?

— Sijui.

— Nataka kujua jina lake.

— La nini, mwanangu?

— Nataka tu kulijua.

Kesho yake wenye benchi hawakumwona Nikodemo. Kesho kutwa pia. Redio alianza kusema kwamba huenda Nikodemo amekwenda Boma kudai matofali, na kwamba bwana mkubwa amemfungia stoo, lakini Bama alimtazama, naye akaiacha habari hiyo ife. Walikunywa kahawa yao. Nafasi ya upande wa chini hakuikalia mtu.

Nikodemo alikuwa ametembea kutwa nzima kwenda Mbozi, mvua ya kwanza ikimnyeshea njiani. Alimuulizia karani kwenye misheni, akaambiwa ametangulia vijijini. Akamfuata kupitia mashamba ya kahawa, kutoka kijiji hiki hadi kile, akilala kwa watu wa kanisa. Siku ya tatu alimkuta Raphaeli kwenye kibaraza cha mchungaji, anaziba pancha ya baiskeli. Kijana alishtuka kumwona mzee amelowa hadi magotini.

— Sikuja kuomba nafasi, alisema Nikodemo. Nimekuja kuuliza jina.

Alirudi Nakonde Jumamosi, jua likiwa juu, miguu imevimba. Anyosisye aliacha mashine yake akampokea fimbo. Aida alikuwa jikoni. Alitoka akifuta mikono.

— Anaitwa Tabita, alisema Nikodemo kabla hajakaa. Ni wa vilima vya Mbozi. Baba yake analima kahawa. Anaondoka mwezi wa kwanza.

— Tabita, alisema Aida.

Alilirudia mara ya pili, polepole, kana kwamba anasikiliza kama limekaa vizuri.

— Ana miaka mingapi?

— Kumi na sita.

— Hesabu anaziweza?

Nikodemo alimtazama binti yake. Alikuwa amezunguka siku tano, amevuka mito miwili, ameuliza jina, ameuliza baba, ameuliza umri. Hilo hakuliuliza.

Aida alimshika baba yake mkono, akamwingiza ndani, akamwekea maji ya moto ya kukanda miguu.